Siku Mkanda wa Jeshi Uliponigeuza Pepo

Jamani, hii naisimulia kwa sababu nusu yenu hapa kijijini Mbuchi mnaijua tayari na nusu nyingine mmesimuliwa vibaya, basi bora mnicheke kwa habari iliyo sahihi: ndiyo, ni mimi niliyepandisha pepo kwenye harusi ya mwanangu mwenyewe, na hapana, sina pepo, sijawahi kuwa naye.

Mimi nina sukari, miaka mingi sasa, tumeshazoeana. Wiki chache kabla ya harusi ya binti yangu Zuhura nikaanza kuwaka moto ubavuni, upande mmoja tu, nikadhani nimejigonga mahali, kisha vikatoka vipele vya maji kuanzia mgongoni mpaka chini ya ziwa. Kliniki kule Kibiti nesi akatazama mara moja akasema, "Mama, huu ni mkanda wa jeshi. Sukari yako ikipanda kinga inashuka, ndipo mkanda unapopata upenyo." Akanipima na mengine yote, sikuwa na kitu, akanipa dawa, akanionya kwamba hata vipele vikikauka mishipa ya fahamu inaweza kuendelea kuuma miezi, kwa hiyo nivae nguo pana za pamba. Vipele vikakauka kweli. Maumivu yakabaki, tena ya ajabu, ukinifinya sana afadhali, lakini kitambaa kikinipitia tu juu ya ngozi nasikia kama nimemwagiwa mafuta ya kukaangia samaki.

Sasa huku kwetu ukitaja mkanda wa jeshi watu hawafikirii sukari, wanafikiria ukimwi (na hata ingekuwa ndiyo, si ugonjwa kama mwingine?), na mimi nilikuwa napokea wakwe kutoka Salale, nikaogopa wasije wakamtazama mwanangu kwa jicho baya kabla hata hajafika kwao. Nikanyamaza. Sare ya kina mama ilikuwa gauni la lesi, la kubana, zipu ubavuni (ubavu uleule!), nikasema nikivaa dera peke yangu wataniuliza. Nikalivaa.

Mpaka mchana nilistahimili, natabasamu kama mtu aliyekalia msumari. Ngoma ikanoga, kina mama wakaja kunitunza, na dada yangu Tatu, kwa furaha zake, akanikumbatia akinisugua ubavu juu chini, juu chini. Nikapiga ukelele mpaka kilemba kikaanguka. Pengine kwingine wangeita daktari, lakini kwetu mwanamke akipiga ukelele katikati ya ngoma, watu wanajua la kufanya.

"Kapandisha!" akasema Tatu, akageuka kumwamkia pepo. "Taireni! Mgeni, wewe nani?"

"Msiniguse! Naungua! Nivueni hili gauni!"

"Mnasikia? Hataki lesi, anataka nyekundu!"

Wakanifunga shuka jekundu juu ya lesi, wakalivuta huku na huku lesi ikanisugua, wakanifukiza ubani, wapiga ngoma wakabadilisha mdundo, na kila nilivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kunikamata. Hapo ndipo shetani aliponipitia kweli: nikawaza, pepo ana heshima kuliko mkanda wa jeshi, acha niwe pepo. Nikakoroma. Nikatikisa kichwa. Nikajipa na jina, Maimuna wa Baharini (sijui lilitoka wapi).

Nilichosahau ni kwamba pepo huandaliwa sinia. Likaja: halua, ndizi mbivu, na bakuli la asali nzito kutoka Ruaruke. Tatu akachota kijiko kilichojaa. "Kula, mgeni, utulie, utuachie ndugu yetu." Mgonjwa wa sukari mimi, kijiko kiko mdomoni, wakwe wote wananitazama.

"Sitaki asali," nikakoroma. "Nataka... mchicha."

Ngoma ikanyamaza. Hakuna aliyewahi kusikia pepo wa mchicha.

Basi Bi Salma, mkwe wangu, mama yake bwana harusi, akainuka, akapiga magoti mbele yangu, akaninong'oneza: "Mkwe, tangu ulipokuja kutupokea botini nakuona umelivuta gauni kwa vidole viwili. Wangu ulinitoka pajani. Mwezi mzima nilijifungia ndani na khanga moja." Kisha akapaza sauti: "Jamani, huyu hana pepo. Ana mkanda wa jeshi, kama niliokuwa nao mimi, na sote wawili tuna sukari. Mleteeni dera!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Tatu ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini na kijiko chake, wenzake wakafuata, na mimi mwenyewe nikashindwa kujizuia. Waliponivua lile gauni nilihisi raha ambayo siwezi kuieleza.

Alasiri, kabla ya kupanda boti kwenda kwa mumewe, Zuhura aliniita ndani. Alikuwa amesikia yote. Yeye hakucheka.

"Mama, lesi niliichagua mimi," akasema, machozi yanamtoka na wanja wake wote. "Ungeniambia, tungeshona madera."

Hilo liliniuma kuliko ubavu. Nilidhani namlinda asiaibike mbele ya watu, kumbe nilikuwa nimemnyima mwanangu nafasi ya kunihurumia.

Siku hizi Bi Salma ananipitia, tunakwenda kliniki pamoja, madera yetu mapana, tumeachiana nafasi kidogo tusigusane, tunacheka njia nzima. Maumivu bado yananirudia, ila si kama mwanzo. Nimeapa sitaficha tena ugonjwa kwa ajili ya sare, na kiapo hicho ni kigumu kuliko mnavyodhani, kwa sababu mdomo wangu umezoea kusema sijambo. Juzi Zuhura kapiga simu, hata salamu hakunipa: "Mama, ubavu?"

Nikamwambia, "Leo unauma, mwanangu."