Pete ya Rangi ya Chai

Mimi nauza vitenge, kwa hiyo habari za rangi usinifundishe. Mteja akisimama mbele ya meza yangu sokoni, kabla hajafungua mdomo nimeshajua kitakachomkaa na kitakachomfanya aonekane mgonjwa. Wenye rangi ya maji ya kunde nawapa kahawia na manjano ya bizari, nao wakijitazama kwenye kioo changu wanacheka wenyewe. "Rangi ya udongo imekupenda, mama," nawaambia, na sisemi hivyo ili niuze tu. Ndiyo maana mambo ya ile pete yananichoma mpaka leo. Mtu asiyejua rangi angesamehewa.

Mwanangu wa mwisho ni fundi wa mashine za boti kule Kibirizi. Siku aliyokuja kuniambia amepata mchumba alikaa muda mrefu akikwangua grisi kwenye kucha kwa kijiti, mpaka nikamwambia, "Sema basi, au umeua mtu?" Binti ni wa Gungu, anafundisha watoto wa chekechea. Wazazi wake waliletwa kutoka Burundi wakiwa wadogo, wakakulia huku, wakabaki. Alipoletwa nyumbani kwangu Rusimbi alichuchumaa mlangoni, akapiga makofi taratibu kama tulivyofundwa sisi enzi zetu, akanisalimia kwa Kirundi chake. Nikamwitikia kwa Kiha changu, tukaelewana bila tabu. Nilimpenda. Hilo lazima nilitangulize, maana yanayofuata yatakufanya udhani sikumpenda.

Mwanangu akataka binti achague pete mwenyewe. Kwetu hilo halikuwepo. Pete inaletwa, unavishwa, unashukuru. Lakini watoto wa sasa wana mambo yao, na waliponiomba niende nao kwa sonara nilijiona mtu wa maana kweli. Nikavaa kitenge changu kipya kabisa, wax ya bei, nikapanda bodaboda nimekaa upande kama bibi harusi mimi.

Sonara ni mzee mpole mwenye duka dogo kule mjini. Alitandika karatasi nyeupe juu ya kioo cha meza, akamimina almasi kutoka kwenye kikaratasi kilichokunjwa. Usifikirie makubwa. Iliyozidi zote haikufika punje ya mchele. Nyeupe zilikuwa kadhaa, zinapiga macho, na moyo wangu ukaenda huko huko. Pembeni ilikuwepo moja ya kahawia, rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

"Hii imeungua?" nikauliza.

Sonara akacheka. "Hapana, mama. Imetoka ardhini hivyo hivyo. Hakuna aliyeipaka wala aliyeichoma. Ni ya hapa hapa nchini, Shinyanga. Ila wateja wangu wote wanataka nyeupe, hii wanasema chafu."

Binti akaiomba. Akaiweka juu ya kidole chake, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, na ile almasi ikawaka ndani kwa ndani kama mkaa ukipulizwa. Mwanangu akamwambia achukue anayotaka, asitazame bei. Binti akasema hatazami bei. Akajibu kwa sauti ya chini, kama anaongea na kidole chake: "Hii nikiivaa itaonekana ni yangu. Ile nyeupe itaonekana nimeazima."

Kisha akanigeukia mimi. "Mama, unaonaje?"

Mkono wake ulikuwa mezani karibu na wangu. Ngozi yake ni ya maji ya kunde, rangi moja kuanzia kiwikoni mpaka kwenye ncha za vidole. Mimi ujanani nilijipaka vile vidude vya makopo, nisivitaje. Uso ukatakata, vifundo vya vidole vikagoma, na vimebaki vyeusi hivyo mpaka leo. Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyeitwa Masizi. Nikauvuta mkono wangu, nikauficha chini ya kitenge.

"Jiwe zuri sana, mwanangu," nikamwambia. "Limekupenda."

Alifurahi, jamani. Alinikumbatia pale pale dukani mbele ya sonara. Na mimi nimekumbatiwa hivyo, kichwa changu kiko Ujiji kwa mawifi zangu, nasikia watakavyosema: huyu naye, mwana wa pekee aliyebaki kuoa, kampelekea mtoto wa watu kokoto.

Pete ilipokuwa tayari nikakabidhiwa mimi niitunze mpaka siku ya posa. Wifi yangu mkubwa akaja kunisaidia kupanga sinia. Akafungua kikasha, akakunja pua.

"Mh! Almasi gani hii ya rangi ya ugoro? Au ina kutu?"

Hapo ndipo ningesema. Ningemwambia ni ya asili, imetoka ardhini hivyo, mkwe wetu kaichagua kwa macho yake mawili na imemkaa kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona mtu amevaa. Badala yake nikasema, "Aa, vijana wenyewe ndio hivyo."

Alipoondoka nikafunga mlango wa jikoni. Nikachukua mswaki mkuukuu, majivu na limau, vitu ninavyosugulia masufuria, nikaisugua ile pete. Haki ya Mungu, niliisugua. Mimi niliyesikia kwa masikio yangu kwamba haikupakwa kitu, nilisugua mpaka vidole vikauma. Ikang'aa kuliko mwanzo, na kahawia yake ndiyo ikazidi kukolea.

Sasa inabidi nieleze adabu zetu, maana mgeni anaweza kutuona vichaa. Kwetu mtu hasifii anachokitoa. Jirani akikuletea kapu la migebuka iliyonona, kila mmoja urefu wa mkono, atakwambia, "Nimekuokotea vidagaa, usinicheke." Ukienda posa na mbuzi, majembe na makreti ya soda, unasema umekuja mikono mitupu. Wenyeji nao kazi yao ni kukunyanyua: "Mmetujaza." Hata watu tunawashusha hivyo. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, kila mgeni alipokuja aliniita "huyu tuliyemwokota njiani," huku kanishika mkono, kaubana hasa, hauachii mpaka mgeni akae. Mdomo ulikuwa unanishusha na mkono unanipandisha. Kwa mwanamke yule sikuwahi kuona aibu hata siku moja.

Siku ya posa tukafika Gungu mchana. Sebule ilikuwa imejaa, wazee kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, shangazi zake binti wamejipanga ukutani wametulia tuli wakitukagua toka kichwani hadi visiginoni. Mshenga wetu akaongea vizuri, akataniwa, akalipia utani. Binti akaitwa, akaulizwa kama anawafahamu wageni hawa. Akasema anatufahamu. Kwetu anayefunua sinia ni mama wa mvulana, kwa hiyo nikasogea kwa magoti, nikaondoa kawa, nikafungua kikasha.

Shangazi wale wakanyoosha shingo. Wote kwa pamoja. Mmoja akamtupia mwenzake jicho.

Nilitakiwa kusema, "Tumekuja mikono mitupu, msitucheke," kisha ninyamaze. Nilisema. Lakini lile jicho nilikuwa nimeliona, na uso ukaanza kuniwaka, na mdomo ukaendelea wenyewe: "Na kajiwe kenyewe ndiyo haka. Karangi kake kameungua. Tungepata keupe tungeleta keupe. Mtuvumilie tu."

Sebule nzima ikaguna kwa raha. Mzee wao mkubwa akapiga makofi.

"Mmesikia?" akasema. "Huyo ndiye mama aliyelelewa. Siku hizi mtu akileta kuku anataka tutangaziwe redioni. Mama, mmetujaza."

"Mmetujaza!" wakaitikia shangazi, hata yule mwenye jicho. Wifi yangu akanifinya paja kwa fahari. Nikasifiwa, jamani. Nimeishi miaka yote hii sijawahi kusifiwa adabu mbele ya watu wengi namna ile, na kila sifa ilikuwa inanishuka shingoni kama maji ya moto. Maneno yalikuwa yale yale ya mama mkwe wangu. Ila mkono wangu haukuwa umeshika kitu. Ulikuwa unalisukuma lile sinia mbali na mimi, nikaliona mwenyewe limefika katikati ya mkeka.

Mwanangu aliinamia kucha zake. Alijua. Na binti, ambaye mila inamtaka atazame chini mpaka mwisho, aliinua macho mara moja tu akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtoto wake wa chekechea aliyeahidiwa kitu, anajaribu kukumbuka kama kweli aliahidiwa.

Ikaja zamu yao kumshusha binti yao, maana nao hawawezi kusifia wanachotoa. Baba yake mdogo akasema ugali wake una mabonge, akilala haamshiki hata kwa tarumbeta, na kwamba tukimrudisha hawatashangaa. Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mwanangu akamvisha pete. Kisha wakamwambia aje kwangu, apige magoti, nimpokee.

Akaja. Akapiga makofi yake polepole, yale ya siku ya kwanza mlangoni kwangu. Akasema kwa sauti nzuri, ya adabu, iliyofika kila kona ya sebule:

"Mama, na mimi ndiyo hivi. Rangi yangu ni hii hii. Mngepata mweupe mngechukua mweupe. Mnivumilie tu."

Wee! Nyumba ikalipuka. Vigelegele, makofi, mzee mkubwa akasimama kabisa kwenye kiti. "Hawa wamepatana!" akapiga kelele. "Mkwe na mkwe, mdomo mmoja!" Shangazi zake wakammwagia kanga mgongoni. Katika watu wote wale, watatu hatukucheka.

Nilitakiwa kumnyanyua. Neno lipo, la siku zote, nalijua tangu utotoni. Nikamshika mabega nikasema, "Mmetujaza," na nililimaanisha kuliko neno lolote nililowahi kulisema. Likatoka kama kikohozi. Hata ningelisema kwa tarumbeta, ningejuaje kama atalitofautisha na la adabu?

Walioana, wanaishi vizuri huko huko Gungu. Kwangu anakuja kila Jumapili baada ya kanisa. Ananisalimia kwa kuchuchumaa, ananisaidia kupika, ananiuliza hali ya magoti yangu na anangoja jibu. Sijawahi kusikia kwake neno la kunikosea. Mawifi zangu wananionea wivu, wanasema nimepata mkwe wa kizamani.

Ila nikaja kugundua kitu. Akifika kwangu, kabla hajavua viatu, anaigeuza ile pete kwa kidole gumba. Jiwe linakwenda upande wa kiganja, juu kinabaki kijimstari cha dhahabu. Mwanzoni nilidhani ni kwa ajili ya kazi za jikoni. Kisha siku moja nikapita Gungu bila taarifa, kuwapelekea mawese, nikamkuta uani akiosha vyombo, mikono imejaa povu, na jiwe lake liko juu, linawaka kwenye jua, naye anamwimbia mtoto wa jirani. Akaniona. Kabla hajasimama, kidole gumba kikafanya kazi yake.

Jumapili iliyopita tulikuwa tumekaa kwenye mkeka tunachambua mchele, sisi wawili tu. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Sokoni nilijisemesha mpaka muuza nyanya akaniuliza kama ninaumwa. Nikatazama ule mkono wake ukipita kwenye ungo, wa rangi moja toka kiwikoni, na kile kijimstari kitupu juu ya kidole. Nikapiga moyo konde.

"Igeuze hiyo pete, mwanangu," nikamwambia. "Ikae vizuri, ionekane."

Mkono ukasimama kidogo juu ya mchele.

"Aa, mama," akasema kwa adabu zote, akitabasamu. "Kajiwe kenyewe ka hivi hivi tu." Na akaendelea kuchambua.

Nilitaka kumwambia limempenda. Lakini hilo nilishamwambia dukani, na siku ile aliniamini.