Kisanduku Kilichodharau Umeme wa Matombo

Friji la kwanza la shangazi yangu huko Matombo liliuawa na mashine ya kusaga. Kila mara jirani alipoiwasha mashine yake, umeme ulinyong'onyea, friji likahangaika kuwaka na kushindwa, mpaka siku moja likatoa moshi. Alipopata la pili alinipigia simu. "Hili nalo likifa, narudi kubeba ndizi kichwani. Na goti langu unalijua." Juisi ya baridi aliyoiuza ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

Mimi ni fundi redio mjini Morogoro. Nikamuundia kisanduku chenye chipu ya kulinganisha. Mguu mmoja wa chipu unapewa volti isiyobadilika, ndiyo kipimo. Mguu wa pili unaonjeshwa umeme wa ukutani, uliokwisha kupunguzwa makali. Umeme ukishuka chini ya kipimo, kisanduku kinalikatia friji umeme na kupiga kelele. Mezani kwangu kilifanya kazi vizuri sana, nikapanda nacho mlimani nikijiona fundi wa mafundi.

Tulipokichomeka, kikalia. Tukasubiri, kikazidi kulia, na mashine ya kusaga ilikuwa imefungwa, mwenyewe yuko kanisani.

"Shikamoo, fundi," shangazi akaniamkia kwa kejeli. "Umeniletea mtu wa mjini. Anadharau umeme wetu!"

Alisema kweli. Kipimo nilikiweka kwa umeme wa mjini, na kule mwisho wa laini umeme hufika umechoka. Nilicheka kwa aibu, nikashika bisibisi, nikashusha kipimo kidogo kidogo mpaka kelele zikakoma na friji likaanza kuunguruma.

Mchana jirani akawasha mashine. Taa ikafifia ikawa kama kaa la moto. Kisanduku kikapiga kelele, friji likanyamaza. Shangazi, aliyekitukana asubuhi nzima, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Lia, mwanangu! Lia wakusikie!"

Mashine ilipozimwa kikanyamaza chenyewe, na baada ya muda friji likaamka. Shangazi akafungua mlango, akashika chupa za juisi. Za baridi. Alicheka mpaka akakaa chini, na mimi roho ikanitulia.

Kabla sijaondoka, alikitoa kitambaa chake cha kufuma juu ya televisheni, akakifunika kisanduku. Nilitaka kumwambia kinahitaji hewa. Lakini nikaiona televisheni ilivyobaki uchi, nikakitoboa kisanduku matundu kwa nyuma, asikoona.