Mama Alipokuwa Mgonjwa wa Mtihani

Dada yangu, Mungu amrehemu, alisomea udaktari hapa hapa kisiwani kwa njia ya mtandao, huku akiendelea na kazi ya uuguzi katika zahanati yetu. Siku ya mtihani wa vitendo alitakiwa kumpima mgonjwa mbele ya kamera, mwalimu akitazama kutoka ng'ambo. Mama akakubali kujifanya anaumwa tumbo.

"Mama, unaumwa wapi?" mwalimu akauliza.

"Siumwi popote, baba. Nimeambiwa nijilaze tu hapa. Siwezi kusema uongo, Mungu ananiona."

Nikajua dada kashafeli. Yeye akacheka, akasugua viganja vipate joto, akaanza kumbonyeza Mama tumbo taratibu. Chini ya mbavu za kulia, Mama akaruka.

"Na hapa je, mama mkweli?" dada akauliza.

"Ah, hapo pa siku nyingi. Hamkuniuliza ya zamani."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Dada akafaulu, na Mama akapelekwa ng'ambo kutolewa mawe kwenye nyongo.

Mwezi uliopita dada alitutangulia. Mama ndiye aliyeongoza sala, kwa sauti iliyojaa nguvu, nami nikamshukuru Mungu kwa ajili yao wote wawili.