Concilie na Mbwa Aliyekataa Kustaafu

Siku wanawake wa kanisani kwao Merrylands, mjini Sydney, walipomwona Concilie juu ya baiskeli inayovutwa na mbwa, walidhani amerukwa na akili. Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, mtu mzima anayehudumia wazee, leo anakimbizana na mbwa! Sydney haina theluji, lakini wapo wanaofuga mbwa wa kuvuta sleji, vile vigari vya kuteleza juu ya theluji. Wakati wa baridi huwafunga kwenye baiskeli na vigari, wakakimbia nao njia za udongo msituni. Mwenzake kazini alimpeleka kutazama tu. Concilie akanogewa, akatafuta mbwa wake mwenyewe, jike mtundu aitwaye Nyota.

Huko msituni ndiko alikojuana na Ogutu, Mkenya fundi magari wa Bankstown. Mbele ya kundi la mbwa wa Ogutu alikimbia Kanali, dume wa kijivu aliyekuwa akijua kona zote kabla ya kuambiwa.

Mwaka 2021, siku chache kabla mji haujafungwa kwa ajili ya korona, Ogutu alisimamisha gari mlangoni kwa Concilie, Kanali akiwa kiti cha nyuma.

"Dada, mimi nahamia Brisbane, kazi huku imekwisha. Hawa wengine naenda nao. Huyu mzee magoti yamemwisha, na akiona wenzake wanavalishwa mikanda yeye anaachwa, atakufa moyo."

"Mbona mimi? Si wako wenye nyua kubwa?"

"Wako. Lakini wewe nimekuona mbwa akichoka unashuka, unatembea naye. Wengine wanampigia kelele."

Ogutu alimkumbatia Kanali shingoni, akaondoka bila kugeuka.

Kanali akasusa kula. Kila asubuhi alisimama kando ya baiskeli, na Concilie akitoka na Nyota kwa ile saa moja ya mazoezi iliyoruhusiwa mji ulipofungwa, mzee alilala akiwa ameelekeza uso ukutani. Concilie alikwisha kuuona uso kama huo. Kazini kwake kulikuwa na bibi, fundi cherehani wa zamani, ambaye hakutulia mpaka alipopewa taulo akunje.

Basi akachukua kigari kikuukuu cha mtoto, akang'oa kiti, akafunga kikapu. Daktari wa wanyama alimwambia kwa simu kwamba mzigo mwepesi na mwendo wa pole havitamdhuru.

Wiki ile ile Kyakimwa, jirani yake Mkongo, alipatikana na korona, akakatazwa kutoka yeye na watoto. "Dada, hata unga umeisha," alisema kwenye simu, sauti imekauka.

Concilie alipakia unga, mafuta na dagaa. Kanali alipovalishwa mikanda alitetemeka mwili mzima, kisha akasimama wima, masikio juu. Walikwenda polepole. Mlangoni kwa Kyakimwa Kanali aliambiwa neno moja tu, akasimama. Watoto walijazana dirishani, wakimshangilia kwa Kiingereza.

Jioni hiyo Kanali alilamba bakuli likang'aa.

Habari zikaenea, simu za wengine waliofungiwa ndani zikamiminika. Concilie alikuwa akirudi kazini miguu imevimba, alama za barakoa zimemkaa usoni, lakini bado alimfungia Kanali kigari. Dada yake, Fébronie, alimgombeza: "Mbwa na magonjwa ya watu, vyote wewe! Utaugua!"

Aliyeugua ni Fébronie. Alipofungua mlango alikuta viazi, ndizi na tangawizi kizingitini, na Concilie amesimama nje ya geti na mbwa wake.

"Pole, dada. Hiyo tangawizi ichemshe, unywe," alisema tu, akaenda zake kwa mgonjwa mwingine.

Mji ulipofunguliwa, Kanali aliendelea kuvuta kikapu cha sokoni mpaka mwaka uliofuata, alipolala barazani asiamke. Concilie alimpigia Ogutu.

"Aliteseka?"

"Hapana. Jana yake tu ametuletea kabichi."

Ogutu alicheka. "Asante, dada," alisema. "Asante sana."