Gari Lililovuliwa Matete

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, moja hainitoki moyoni: siku niliyompakia mama mkwe wangu nyuma ya pikapu kumpeleka hospitali, petroli ikiwa haitoshi na kiburi kikitosha na kubaki. Niliikumbuka juzi uliponionyesha pikapu yako uliyoiinua juu ya magurudumu mapana, ukalalamika kwamba inakumaliza kwa mafuta. Sikukujibu pale pale. Jibu langu ni refu, na wewe ulikuwa na haraka zako. Sasa umekaa, sikiliza.

Ilikuwa miaka ya miwa, miwa ilipokuwa miwa. Kutoka Navakholo mpaka Mumias ulipita katikati ya kijani pande zote mbili, na harufu ya sukari ikipikwa kiwandani ilikufuata mpaka kitandani. Watu waling'oa nyasi kwenye mapaa wakaezeka mabati. Mimi, niliyekuwa nikiwasafirisha wakata miwa kwa gari la mtu, nikapata langu, pikapu kuukuu lakini jepesi na tiifu. Ningeliacha lilivyo, nisingekuwa na hadithi ya kukusimulia. Lakini kijana na kitu chake kipya, nani atamwambia?

Nikalifungia nyuma kizimba cha vyuma kirefu kuliko mtu, ili wakata miwa wasimame wasianguke. Hicho kilikuwa na maana. Juu ya kizimba nikaweka keria, na juu ya keria honi mbili za lori. Mbele nikafunga bampa ya kumwangusha ndovu, ingawa ndovu wa mwisho huku kwetu hata babu yangu hakumwona. Nikatia springi ngumu za lori. Nikamwambia fundi aifungue kabureta inywe zaidi, ili gari lingurume nikipanda kilima. Watoto walinikimbilia barabarani wakiita jina langu, na unajua wenyewe walivyosema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mke wangu, bibi yako Nafula, hakulipenda lile gari. Alisema linakula kama mtu mwenye minyoo. Nikamwambia mambo ya magari aniachie mimi.

Sasa, mama yake Nafula alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alianza kwa kukosea njia ya kisimani. Baadaye akawa anapapasa ukuta, na mwishowe akaweka mkono katika moto akidhani ni pembeni ya jiko. Alikuwa mama aliyelea watoto wa watu pamoja na wake, na sasa watoto wenyewe walimshika mkono kumpeleka chooni. Jambo hilo lilimwuma Nafula usiku na mchana.

Habari zikaja kanisani kwamba daktari wa macho yuko katika hospitali ya misheni upande wa Eldoret. Alikuwa akija mara moja kwa mwaka, na wagonjwa wa mwisho angewapokea alasiri ya kesho yake. Nafula hakuniuliza kama nitakwenda. Alinitazama tu, nami nikachukua ufunguo.

Tatizo lilikuwa petroli. Wakati huo mafuta yalikuwa haba, vituo vingi vilikuwa vimefungwa minyororo, na tangi langu lilikuwa nusu. Nikajipa moyo kwamba nitapata njiani.

Tena kulikuwa na jambo la pili, na hili vijana wa leo mtalicheka. Siku hizi mnapeana mikono na mama wakwe zenu, mnakaa nao kiti kimoja, mimi sisemi kitu. Sisi tulikuwa hatufanyi hivyo. Mama mkwe hukumtazama usoni, wala yeye hakukutazama wewe. Hamkuzungumza ila kupitia mtu wa katikati. Mkikutana njiani, mmoja aliingia kwenye miwa mpaka mwenzake apite. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na aliyeivunja alionekana hakulelewa. Kwa hiyo mama alikaa nyuma na Nafula, nami nikatundika gunia kwenye kioo cha nyuma, kisha nikakigeuza kile kioo kidogo cha dereva kikatazama paa. Ndivyo nilivyoendesha gari siku nzima, sijui kinachonifuata.

Na kwa heshima hiyo hiyo nikafanya kosa. Zile springi za lori, gari likiwa tupu, zilirusha mtu kama mahindi kwenye sufuria ya bisi. Nikaona haya kumrusha mama wa watu. Nikajaza magunia ya mchanga, nikayapanga kizimbani mpaka gari likatulia chini, na juu yake nikatandika godoro. Nilijisifu moyoni. Nilijiambia mkwe kama mimi hapatikani.

Tukaondoka Navakholo mapema, honi zikilia ili wakwe wote wajue nani anapita. Nilikanyaga mafuta kama mtu anayefukuzwa. Upepo ulipiga mluzi kwenye vile vyuma mpaka sikusikia sauti ya mtu nyuma. Tulipofika Matete nikatazama mshale wa petroli. Hatukuwa tumefika hata karibu na nusu ya safari, milima yote ilikuwa mbele, na mshale ulikuwa umeshuka mpaka robo.

Kituo cha Matete kilikuwa na mnyororo. Mwenye kituo aliniambia nisijisumbue, barabara nzima mpaka Eldoret ni hivyo hivyo. Nikarudi kwenye gari nikasimama, mikono kiunoni. Jua lilikuwa likipanda. Nikaanza kumwambia Nafula, kwa sauti ya chini, kwamba hata mwakani daktari atakuja.

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe ndani ya kizimba. Alikuwa akimwambia Nafula, lakini nami nilikuwa pale pale, hatua chache tu, na kila mmoja wetu alijua.

"Muulize mkwe wangu, huu mchanga nimekalia ni mgonjwa wa nani?"

Nafula akanigeukia. "Baba Wekesa, mama anauliza mchanga ni mgonjwa wa nani."

Nikasema ajibiwe kwamba mchanga ni wa kumtuliza asirushwe. Nafula akafikisha, kana kwamba mama hakuwa na masikio. Kisha mama akasema tena, polepole, bila hasira.

"Mwambie mimi nimebebanga kuni na maji kwa kichwa tangu msichana. Mtu akiwa na safari mrefu hawekangi jiwe juu ya mtungi. Mgonjwa ni mimi peke yangu. Hizi vitu zingine zinaenda hospitali kufanya nini?"

Nikaukodolea macho ule mchanga. Mama yule hakuwa akiona hata kiganja chake, wala hakuwahi kushika usukani, lakini alikuwa ameliona gari langu lote kwa kulikalia tu. Nilisikia kicho, kama mtu aliyeingia kanisani na kofia kichwani akakumbuka amechelewa kuivua.

Mchanga niliumwaga. Hilo lilikuwa rahisi. Lakini Nafula alipoelekeza kidole kwenye kizimba na keria, nikasita. Nilimwambia watu wa kwao wataniona nimerudi na gari uchi, watasema mkwe ameuza vyuma njiani.

Akanitazama sawasawa. "Wewe unaogopa macho ya watu, na mama hana hata yake."

Neno lile liliniingia mpaka mfupani, na liko humo mpaka leo. Nikaazima spana kwa fundi wa baiskeli pale sokoni. Nikafungua keria, honi, kizimba, na ile bampa ya ndovu, na fundi akanikubalia niviache nyuma ya kibanda chake. Wenye soko walikuja kutazama, wengine wakicheka. Magurudumu nikayatia upepo kwa pampu yake mpaka yakawa magumu. Mwisho nikafungua boneti nikaibana kabureta irudi ilivyokuwa, na plagi nilizozikuta nyeusi kwa masizi nikazifuta. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi. Siku hiyo pakacha langu nililitoboa mwenyewe.

Mama na Nafula wakakaa chini kabisa, nyuma ya kichwa cha gari ambapo upepo hauwafikii, mama kwenye godoro amefunikwa blanketi. Kurushwa alirushwa, na hakulalamika hata mara moja. Nikaendesha sasa kama mtu anayekanyaga yai. Sikukimbia, sikufunga breki bila sababu. Kilima nilikiona kikiwa mbali nikajitayarisha. Kwenye mteremko nilibaki kwenye gia, nikainua mguu, nikaliacha gari lishuke kwa uzito wake.

Na hapo, mwanangu, ndipo nilipoona ajabu. Tulipanda kilima, mshale haukusogea. Tukapanda cha pili. Nikakigonga kioo cha mshale kwa kidole nikidhani umekwama. Haukuwa umekwama, ni gari lililokuwa halina njaa tena. Lilikwenda kwa sauti ndogo mpaka nikasikia miwa ikisuguana kando ya barabara, na baadaye mahindi, tulipoingia nchi ya mahindi. Nikasikia pia kitu ambacho nilikuwa nimekifunika kwa kelele tangu Navakholo: mama mkwe alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, kwa lugha yetu, taratibu. Sijui alikuwa ameuanza lini. Machozi yalinitoka nikiwa nimeshika usukani, na sikuona aibu.

Tulifika daktari akiwa bado ndani, ameshavua koti lake jeupe. Nafula alimweleza tulikotoka. Akalivaa tena, akampasua mama macho yote mawili jioni ile ile.

Kesho yake asubuhi wagonjwa waliketishwa barazani kufunguliwa bandeji. Mimi nilikaa mbali uani, kando ya gari, inavyompasa mkwe. Muuguzi alizungusha kitambaa polepole. Mama alifumba macho, akayafumbua, akaganda. Alimtazama Nafula muda mrefu, akamshika mashavu, akasema, "Umenenepa." Wote barazani wakacheka, na Nafula akalia. Kisha mama akainua uso kuitazama dunia. Akaona mti, akaona mawingu, akaona kuku wa hospitali wakichakura, na kila kimoja alikitaja jina kama mtu anayeita watoto wake waje kula. Macho yake yakaja yakitembea uani mpaka kwenye gari, kutoka kwenye gari mpaka kwangu. Nilikuwa nimejisahau, nimesimama kama mlingoti namkodolea macho.

Akavuta leso haraka akajifunika uso, akageuka upande.

Nami nikageuka, nikaegemea pikapu nikiupa ukuta wa hospitali uso wangu. Macho yale yalikuwa yamerudi muda ule ule. Angeweza kuyatumia kwa chochote duniani, na angenitazama hakuna ambaye angemlaumu. Akayatumia kunipa heshima. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko mgongo ule.

Petroli ilitufikisha nyumbani. Kizimba nilikirudia baadaye, kwa kuwa wakata miwa walikihitaji. Vile vingine fundi wa baiskeli alivifanyia alivyotaka.

Basi mwanangu, shauri langu ni hili. Kabla hujatafuta mafuta zaidi, uliza kilichopanda garini ni nini na kina safari gani. Kinachobeba mtu au kazi, kiache. Kinachobeba sifa, kifungue, hata kama watu wanatazama. Tia magurudumu upepo, safisha plagi, punguza mguu, kwa maana mwenda pole hajikwai. Na usifikiri nazungumzia gari tu. Utaoa, utajenga, utapewa watu wa kuwafikisha mahali, na nguvu zako zitakuwa nusu tangi kama zangu. Usizimalize kwa kelele. Na mkubwa akikuuliza swali ambalo huna jibu lake, usikasirike. Hapo ndipo pa kuazima spana.

Mungu akujalie safari zenye sababu, akupe mke asiyeogopa kukwambia ukweli, na wakwe utakaowaonea haya nao wakakuonea. Popote utakapompeleka mtu, umfikishe. Enda salama, mwanangu.