Ushuhuda Wangu Kinywani mwa Shemasi

Kwanza niseme wazi: nilikuwa hodari. Wanaosema leo kwamba biashara ile ya chai na vidonge ilikuwa ya wajinga hawakuniona nikisimama mbele ya watu Butembo. Nilijua kuweka viti vichache kuliko watu, ili wengine wasimame na chumba kionekane kimejaa. Nilijua kwamba chupa haitolewi mapema. Inabaki ndani ya kikapo, imefunikwa kitenge, mpaka watu waanze kupangusa macho. Na sikushika karatasi hata siku moja. Ukisoma karatasi, watu wanakumbuka mashamba yao na kuaga.

Aliyenifundisha hayo alikuwa shemasi wa kina mama kanisani kwetu. Yeye aliniandikisha chini yake, nami nikaandikisha wengine chini yangu, na kila aliyeingia alipaswa kuleta wa kwake. Ndivyo kampuni ilivyokwenda. Dawa ilitoka ng'ambo, ikapitia mpakani Kasindi kwa magari ya wafanyabiashara, na vita haikuizuia. Mshahara wa walimu ulizuiwa, vidonge vikapita. Miye na mume wangu tulikuwa walimu wote wawili, donc hesabu yetu ilikuwa nyepesi.

Shemasi alikuwa na sheria moja. "Bei na makaratasi hapana kuingiza mutu," alikuwa akisema. "Mutu anaingia juu ya ushuhuda." Alikuwa na haki, na alijua kwa nini. Kwetu ushuhuda haukatwi. Mama akisimama kanisani kusema Bwana alimtendea nini, hakuna wa kumuuliza swali, hata mchungaji. Tunangoja amalize, tunasema amina, tunaimba. Shemasi aliichukua desturi hiyo nzimanzima akaipeleka kwenye prezantasyo, mikutano yetu ya kuuza.

Basi akaniambia nitafute ushuhuda wangu, yaani jambo lililoniuma kuliko yote. Tulikuwa jikoni kwake mchana, tunamenya viazi vya Lubero. Nami, mpumbavu mkubwa, nikamwambia ule wa kweli.

Tulipokimbia kutoka Beni kwenda Butembo, binti yetu alikuwa na miaka miwili, na alikuwa na homa. Miye nilibeba mzigo kama wanawake wa kwetu wanavyobeba: mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso, kichwa kimeinama. Mume wangu, mtu wa Maniema aliyetumwa na serikali kufundisha kwetu, alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge changu, kama mama. Watu wengine njiani walimcheka, hakujali. Nilitembea nyuma yake, na kwa sababu ya ule mkanda sikuona kitu kingine ila miguu ya mtoto. Tulipofika Maboya nikaushika mguu mmoja. Ulikuwa baridi. Nikashika wa pili.

Sikusema. Nyuma yetu risasi zilikuwa zinasikika, na nilimjua mume wangu: ningemwambia, angekaa chini palepale barabarani, na wangetukuta. Nikamwacha abebe. Alipomshusha Butembo, mlangoni kwa dada yangu mkubwa, ndipo alipojua, na akaamini kwamba mtoto alikata roho wakati ule ule. Alisema hivyo matangani: "Alitungojea tufike." Sikumsahihisha. Miaka miwili nililala kando yake na neno hilo.

Wakatoliki wana padri wa kuungamia. Sisi Waprotestanti tuna shemasi. Alilia pamoja nami, akaniombea, akanimiminia maji ya moto ninawe mikono. "Ile hapana kusema mbele ya batu, mama," akaniambia. "Ile ni ya weye na Mungu." Nikamshukuru kwa Kinande, wasingya, wasingya, na nikajitafutia ushuhuda mwingine, wa mgongo wangu uliopona kwa chai. Mgongo ulikuwa umepona nusu. Nusu nyingine niliongeza miye.

Barabara ilipotulia kidogo, shemasi alitayarisha prezantasyo kubwa Beni, mtaa wa Bungulu, katika chumba cha shule. Kila mtu alete watu wake. Miye nikamleta mume wangu. Tangu matanga alikuwa amekuwa mtu wa maneno mawili kwa siku, nikafikiri kazi ya kusimama mbele ya watu itamrudisha, maana darasani alikuwa moto. Alikataa wiki nzima. Siku ya mwisho akasema, "Miye niuzishe chai? Nitakunywa yote, kampuni ifunge." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndiyo maana asubuhi ile ya Jumamosi niliingia Beni na furaha, mji tuliokimbia, mahali nilipoapa kutorudi.

Chumba kilijaa kweli: wake wa askari, walimu wenzetu, wamama wa samaki waliotoka Kyavinyonge. Tukakaa mstari wa tatu. Shemasi akasimama, hana karatasi, kikapo kiko miguuni pake.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Nani hapa hajalia tangu vita ianze? Ainue mukono."

Hakuna aliyeinua. Nikamgusa mume wangu kiwiko, kumwonyesha namna kazi inavyofanywa. Shemasi akashusha sauti, kama alivyonifundisha kushusha yangu.

"Tulikuwa tunakimbia," akasema. "Bwana yangu amebeba mutoto ku mugongo. Miye niko nyuma na muzigo, mukanda ku kichwa. Sioni kitu, ni ile miguu ya mutoto tu. Kufika Maboya, nikashika muguu. Baridi. Nikanyamaza, juu nilijua, nikimwambia bwana yangu, ataikala chini mu barabara, na batatukuta."

Bwana yake! Mtu ambaye sijapata kumwona amebeba kitu kizito kuliko Biblia. Na vita vile vilimkuta shemasi nyumbani kwake Butembo, na kampuni yenyewe haikuwa imefika bado. Lakini aliendelea, akaeleza jinsi alivyotoa chupa mzigoni, akatia matone matatu mdomoni mwa mtoto, na mtoto akafungua macho, akaomba maji. Wamama wakalia. Mmoja akaanzisha wimbo. Chupa ikatoka chini ya kitenge.

Mtoto wangu aliponywa Bungulu, mbele ya watu, ili wanunue chai.

Sikusimama. Ili niseme "ni uongo" ingenibidi niseme mguu ule ulikuwa wa nani, na shemasi alilijua hilo vizuri. Alinitazama mara moja tu, akampa mtu wa mbele chupa aishike. Nilimchukia. Bado namchukia, na nimemwomba Mungu mara nyingi aniondolee, hajaniondolea. Kikulacho ki nguoni mwako: nilifundisha watoto methali hiyo mwaka hata mwaka, na sikuielewa.

Mume wangu mwanzoni alisikiliza kama wengine. Kwenye neno Maboya akaacha kutikisa kichwa. Kisha akatazama mikono yangu, siyo uso, mikono. Akainuka, akaomba njia kwa adabu kwa wale waliokaa, akatoka. Nikamfuata.

Nilimkuta ameegemea ukuta wa darasa. Nilikuwa tayari anitukane. Nilitamani anitukane.

"Ni kweli ilikuwa Maboya?" akauliza.

"Ni Maboya."

"Mbele ya kufika soko ao kisha soko?"

"Mbele ya kufika soko."

Niliona anaitembea ile njia kichwani, kutoka soko mpaka mlango wa dada yangu.

"Miye nilikuwa ninamuimbia," akasema. "Ile njia yote. Juu asiogope."

"Nilikusikia," nikamwambia.