Kitabu cha Ishirini na Sita

Mwalimu mmoja alikuja maktabani Machakos kila alasiri, likizo yote ya Agosti 1998, viatu vikiwa na vumbi la kwao Katangi. Chuo alichokuwa akisomea kilitaka orodha ya vitabu thelathini kuhusu ukame, na chini ya kila kitabu maelezo mafupi: kinasema nini, na kitamfaa vipi katika utafiti wake. Mimi, karani wa maktaba, nilimletea vitabu. Aliandika kwa penseli iliyobaki kipande, akaisoma sentensi kwa mnong'ono, akaifuta, akakanda vidole, akaandika tena. Alipiga miayo mirefu, lakini hakuruka ukurasa.

Siku moja penseli ilisimama. Kitabu cha ishirini na sita kilisema kwamba wakati wa njaa ya 1984, watu wa upande wa kwao walikaa tu wakingoja msaada.

"Mama yangu alichimba mitaro ya kukinga maji ya mvua mwaka huo mpaka akazimia shambani," aliniambia, sauti imechoka.

"Si ukiache tu hicho, Mwalimu? Viko vingine."

"Nikikiacha, wengine watakisoma na kuamini."

Akainama. Alieleza hoja za mwandishi kwa mistari minne, bila kumpunguzia chochote. Kisha akaongeza wa tano, polepole, akibonyeza penseli mpaka karatasi ikatoboka: "Mwandishi hakuwauliza wanawake waliochimba mitaro." Hakuufuta. Alinisukumia kitabu mezani, akajifikicha macho, akaniomba cha ishirini na saba.